Angeline Jerop Sambu, Aliyerudi Kama Alivyoahidi (1994–2025)

Unasomwa nyumbani kwao Soy, Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025, na dadake mdogo, Naomi Chepkorir.

Angeline Jerop Sambu alizaliwa hapa Soy tarehe 14 Aprili 1994, kifungua mimba wa Mzee Paul Kipkoech Sambu na Mama Rael. Mvua ilikuwa imechelewa mwaka huo, na wakulima walikuwa wameanza kusemezana na Mungu kwa ukali. Asubuhi Mama aliposhikwa na uchungu, mvua ikaja yote kwa pamoja, pikapu ya jirani ikazama kwenye tope hapo nje ya lango, na mtoto akazaliwa jikoni kwa nyanya yake. Hakuna aliyesumbuka kutafuta jina. Akaitwa Jerop, yaani aliyezaliwa wakati wa mvua, na baba yake akaingia shambani kupanda siku iyo hiyo.

Alisoma shule ya msingi hapa Soy, kisha sekondari ya bweni, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 2012. Hakuwa mtoto wa kelele. Alikuwa wa maswali. Alipokuwa darasa la sita, Mama alifungua mkebe wa unga akakuta umejaa majani ya ngano yaliyoota madoa ya rangi ya kutu, yamepangwa vizuri kuanzia yenye madoa machache hadi yaliyoliwa kabisa. Alipoulizwa, alisema anataka kujua ugonjwa unaanzia wapi. Alichapwa, kwa sababu unga ulikuwa wa chakula cha jioni, lakini baba yake aliokota yale majani na kuyatazama kwa muda mrefu kabla ya kuyatupa. Mwaka uliotangulia kutu, ugonjwa huo wa ngano, ilikuwa imemwachia magunia ya kuhesabu kwa vidole.

Mwaka wa 2013 alijiunga na chuo kikuu hapa Eldoret kusomea kilimo, akahitimu Desemba 2017. Kuanzia 2018 alifanya kazi katika maabara ya utafiti wa ngano, akiambukiza miche ugonjwa kwa makusudi na kuangalia ni mche upi utavumilia. Kazi ilikuwa ya kandarasi, leo ipo, kesho haipo. Wenzake waliotaka kwenda ng'ambo walipita kwa maajenti wa mjini. Yeye hakupita huko. Alisoma kazi za maprofesa wanaotafiti kutu ya ngano, akawaandikia mmoja mmoja, akiwaambia ni nini hasa mikono yake inaweza kufanya kwenye maabara yao. Wengi hawakumjibu. Profesa mmoja wa Marekani alijibu kwa maswali magumu, wakaandikiana karibu mwaka mzima, na mwishowe akamwita awe msaidizi wake wa utafiti kwa miaka miwili.

Aliondoka tarehe 10 Januari 2022 kwa visa ya kubadilishana ujuzi. Sasa tusikilizane hapa, kwa maana hapa ndipo maneno mengi yalianzia. Mradi ule ulilipiwa na serikali ya kule. Mtu anayeenda kwa mpango wa namna hiyo hujua tangu siku ya kwanza kwamba akimaliza kazi anapaswa arudi kwao, akae miaka miwili na kile alichojifunza, kabla hajaruhusiwa kuomba kuhamia huko. Ilikuwa imechapishwa kwenye visa yenyewe. Jerop hakuficha. Jumapili ya kuagwa alisimama mbele ya kanisa akasema ataenda, atafanya kazi, na atarudi. Kanisa likacheka. Mzee mmoja alisema wote husema hivyo, na kanisa likacheka tena.

Kule alifanya kazi vizuri. Hata kwenye baridi ya kupasua midomo alikuwa wa kwanza kufungua nyumba ya vioo ya miche. Kila Jumapili alipiga simu ya video baada ya ibada, na Mama alizunguka na simu boma lote akimwonyesha ng'ombe, kuku na mahindi, huku Jerop akiuliza mbona ile ngano ya karibu na barabara imeanza kuwa njano. Profesa wake alitaka kumwongezea muda. Wakenya wenzake kule walimshauri aingie mitini kama wengine. Alisema aliweka sahihi kwamba atarudi, tena kutu anayoitafuta iko Soy.

Alirudi tarehe 6 Januari 2024. Kina mama wa kanisa walienda kumpokea uwanja wa ndege wa Eldoret wakiwa na nyimbo, na Mama Rael alibeba mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu, vile tunavyowapokea wanariadha wetu. Kabla hajanyweshwa, Mzee Emmanuel, ndugu mdogo wa baba yake, alimuuliza mbele ya watu wote.

"Sasa utarudi job lini?"

"Nimemaliza, Uncle. Ile visa yangu inataka nikae home two years kwanza."

"Visa gani hiyo ya kukufukuza kwa wazungu?"

Jerop alianza kueleza. Mzee Emmanuel hakungoja. Alichukua kibuyu mikononi mwa Mama Rael, akakifunika, akakirudisha kwenye gari. Hapa kwetu tunajua watu wa aina mbili tu wanaopanda ndege: mkimbiaji, ambaye hurudi na medali, na aliyehamia, ambaye huja Krismasi na masanduku kisha akaondoka. Mtu aliyekwenda kazini akaimaliza akarudi kwao hatukuwa na mahali pa kumweka. Tukamweka kwa waliofukuzwa.

Kufikia Pasaka, soko la Soy lilikuwa limeshamaliza kesi yake. Kwanza alikuwa ameiba. Baadaye alikuwa amegombana na mzungu. Halafu ikatulia kwenye neno moja lililowapendeza wote, kwamba alipimwa akapatikana mgonjwa, na wazungu hawataki mgonjwa. Alipanga chumba mtaa wa Kimumu, Eldoret, akafundisha kwa vipindi katika chuo kimoja mjini, na wikendi alikuja hapa kupanda mistari ya ngano ya majaribio kwenye kipande cha baba yake. Watu walipita wakatazama vile amekonda. Alikuwa mwembamba tangu shule ya msingi. Alialika wakulima waje waone mistari ambayo kutu haikuigusa. Siku hiyo alipika chai ya watu arobaini, na ikanywewa na Naomi, Mama na mtu mmoja aliyekuwa anatafuta ng'ombe wake aliyepotea.

Marehemu hakuolewa, na haikuwa kwa kupenda kwake. Alikuwa na mchumba, Marvin Mulongo, mwalimu wa shule ya Langas, waliyekutana naye katika kwaya ya kanisa kabla hajasafiri. Marvin alimngoja miaka yote miwili. Posa ilipangwa iletwe Aprili 2024. Mzee Emmanuel akashauri watu wangoje mpaka mambo ya huyu msichana yajulikane, na wazee wakaona ni busara. Upande wa kina Mulongo nao walikuwa wamesikia ya sokoni, wakataka msichana apimwe kwanza. Marvin na Jerop walienda pamoja wakapimwa, wote wawili wakawa wazima, na bado watu wakasema majibu hununuliwa. Tangu siku hiyo Jerop hakutaka tena kujieleza kwa mtu. Marvin hakumwacha, na hilo lisemwe hapa waziwazi akiwa anasikia, kwa sababu walioapa kumpenda tangu utotoni walikuwa wengi na aliyebaki ni yeye.

Septemba 2024 Jerop aligusa uvimbe mdogo kwenye titi la kushoto. Alijua hospitali iko wapi. Alijua pia kwamba kwenye benchi za hospitali hakukosi mtu wa Soy, na kwamba akionekana pale mara moja tu, soko litasema si tulisema. Kwa hivyo alinyamaza. Alivaa sweta kubwa na kufundisha. Mwezi wa Mei 2025 Naomi alimkuta Kimumu akishindwa kuinua mkono kuchana nywele, akampigia Marvin, na wawili hao wakampeleka bila kumuuliza. Ilikuwa saratani ya matiti, na ilikuwa tayari imefika kwenye mapafu. Daktari aliwaambia wazazi, kwa upole, kwamba ingeonekana mapema ingekuwa ugonjwa wa kutibika. Mzee Paul alirudi kando ya kitanda akamuuliza binti yake kwa nini hakuja hospitali.

"Nilikuwa nangoja muache kuniangalia, Baba," Jerop akamjibu.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angesema kwa hasira. Alitibiwa miezi mitano, nywele zikaisha, kucha zikawa nyeusi, na watu waliokuja kumwona walikuwa wengi kuliko waliowahi kuja kuona ngano yake. Walileta matunda na juisi, wakaomba kwa sauti kubwa, na njiani wakirudi wakaulizana kama kweli ni saratani. Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Novemba 2025, saa nne asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono na Marvin akiwa ameenda kumletea uji aliouomba.

Wiki iliyopita kamati ya mazishi iliketi hapa nyumbani na kuandika wasifu. Uliandikwa kwa heshima, na kila mtu aliona umekaa vizuri. Ulisema kwamba marehemu "alirejea nchini kwa sababu za kiafya." Katibu aliposoma hapo, Mzee Paul alisimama.

"Toa hiyo," alisema. "Huyo msichana alirudi kwa sababu alisema atarudi. Alitwambia kanisani, tukamcheka, na mimi nilicheka. Naomi aandike upya, aandike yote. Siku ya mazishi nitakaa mbele nisikie ikisomwa, na Emmanuel akae karibu na mimi."

Huu ndio wasifu alioagiza, na wote wawili wamekaa mbele.

Marehemu ameacha baba yake, Mzee Paul Kipkoech Sambu. Mama yake, Mama Rael. Dadake, Naomi Chepkorir. Na Marvin Mulongo, ambaye kwa ruhusa ya wazazi ameandikwa hapa kama mume. Ameacha wajomba, shangazi, ndugu wa baba, wanafunzi wake, na majirani wote wa Soy waliokuwa na neno la kusema juu yake. Kwa wale ambao bado wanaulizana pale langoni, Angeline Jerop amekufa kwa saratani ya matiti, iliyochelewa kutibiwa kwa sababu yetu.

Bwana amlaze mahali ambapo mtu akirudi hupokewa, na ampe ile amani tuliyomnyima hapa.