Pipi za Kuongeza Damu

Kijiwe chetu ni benchi la mbao na makreti mawili ya soda, kwenye kibaraza cha fundi cherehani tunayemwita Sindano. Mimi nashona viatu pembeni yake, kwa hiyo nasikia hata nisiyotaka kusikia. Birika la kahawa linakaa katikati, na wenye kiti cha kudumu ni wawili: Kipaza, dereva wa lori mstaafu, na Profesa, aliyewahi kufanya usafi kwenye duka la dawa na tangu hapo anajua dawa zote duniani. Sindano alikuwa hajafungua duka kwa siku kadhaa. Asubuhi hiyo alifungua, akaketi, cherehani hakuigusa. Akatusimulia yaliyomkuta mjukuu wake.

Mjukuu ni binti wa mwanawe, yupo kwenye ule umri wa kuparamia kila kitu na kutia kila kitu mdomoni. Mama yake ni mjamzito, na kliniki walimpa vidonge vya madini ya chuma, vile vya kuongeza damu: vyekundu, vinang'aa, vimepakwa sukari kwa juu. Walimtilia kwenye kifuko cha nailoni, wakakifunga fundo. Akakiweka kando ya kitanda asije akasahau kumeza. Alipotoka kuanika nguo, mtoto akaona pipi. Mama aliporudi alikuta midomo imekuwa myekundu na kifuko kimekaribia kuisha. Haukupita muda mtoto akaanza kutapika, anaharisha, tumbo linamkata, na kwenye matapishi kuna michirizi ya damu.

— Ndiyo nikakimbilia hapa, Sindano alisema. — Mnakumbuka mlichoniambia?

Tulikumbuka vizuri sana. Profesa alimwambia ampe maziwa na mkaa uliosagwa, sumu itakatika. Kipaza akacheka, akasema kitu kinachoongeza damu kitamdhuruje mtu, huyo mtoto atanenepa tu. Mimi nikaendelea na kiatu changu. Sindano akarudi mbio nyumbani na pakiti ya maziwa mkononi.

Mchana ule ule kutapika kukakoma. Mtoto akaketi, akaomba maji, akaanza kugongagonga sufuria kwa kijiko. Nyumba nzima ikashusha pumzi, kasoro mama. Akambeba mpaka zahanati ya jirani, Sindano akiwa nyuma yake. Mhudumu alimtazama mtoto akiwa amekaa vile vile kwenye kiti, wala hakumgusa. Akasema uchafu umeshatoka, mtoto mzima, mrudisheni nyumbani. Mama akamwekea kifuko mezani. Mhudumu akakisukuma kando kwa kalamu, akasema hizo ni vitamini tu.

— Na mimi nikamuunga mkono, Sindano alisema. — Nikamwambia mkwe wangu, mwanangu, twende nyumbani, mbona mtoto anacheza. Akaniambia, Baba, samahani, mimi siendi nyumbani. Akasimamisha gari, akapanda. Mimi nikapanda nyuma yake kama mzigo.

Kwenye hospitali kubwa, nesi alipokiona kile kifuko hakuuliza maswali mengi. Mtoto alipigwa picha ya tumbo, na vidonge vikaonekana humo ndani, vyeupe kama shanga. Daktari akawaeleza huku mikono yake inafanya kazi. Alisema chuma kikizidi kinachoma tumbo na matumbo kwanza, ndiyo maana ya ile damu. Kisha kinakuja kipindi cha kudanganya: mtoto anatulia, watu wanashangilia, kumbe chuma kinaingia kwenye damu na kushambulia ini na moyo. Mkaa haukikamati. Maziwa si dawa yake. Na mtoto asilazimishwe kutapika. Kinachotakiwa ni kumkimbiza hospitali na kifuko chake, hata akiwa anacheka.

Kabla hajamaliza kusema, mtoto akalegea. Mikono ikawa ya baridi, midomo ikapauka.

Wakamtundikia maji. Wakampitishia mpira puani, wakammiminia maji ya dawa ya kusafisha matumbo mpaka vidonge vilivyobaki vikasukumwa nje. Kwenye mshipa wakamwekea dawa inayokamata chuma na kukitoa kwa njia ya mkojo, na mkojo ukabadilika, ukawa na wekundu kama wa kutu. Mama alisimama pale muda wote, ameshika mguu mmoja wa mtoto kwa sababu ndio peke yake uliokuwa hauna waya. Alitoka na mtoto akiwa hai. Daktari aliwaambia wangechelewa kidogo tu, asingeahidi kitu.

Kijiwe kikawaka. Profesa, badala ya kuona haya, akasema wangemwita yeye angekuja na sumaku ya spika, angeipitisha tumboni, chuma kingetoka chenyewe. Kipaza akasema hii ni njama: wenye viwanda wanatengeneza dawa kama pipi kusudi watoto wazizoee, wakikua wawe wateja. Profesa akaongeza kwamba rangi nyekundu ina kitu cha kuita macho ya mtoto, kimepimwa maabara. Kipaza akataka mhudumu wa zahanati atafutwe leo hii, akalishwe kifuko kizima.

Sindano aligonga benchi kwa kiganja. Birika likatikisika.

— Yule mhudumu nitamshitaki, alisema. — Lakini nyinyi nitawashitaki wapi?

Halafu Kipaza, akitafuta pa kutokea, akasema tusisahau na mama naye. Mama gani anaacha dawa kando ya kitanda?

Mama huyo alikuwa ameshafika kwenye kona ya kibaraza, tumbo mbele, mtoto mgongoni amelala. Alikuwa anampeleka kupimwa tena ini, akapitia kumwachia baba mkwe ufunguo. Alitusalimia wote, shikamooni, kwa adabu ile ile ya siku zote. Akamkabidhi Sindano ufunguo. Kisha akageuka kwa Kipaza, ambaye anaishi na wajukuu watatu na mke mwenye kisukari.

— Baba, dawa za nyumbani kwako ziko wapi?

Kipaza akamtazama. Akamtazama Profesa, na Profesa akatazama kahawa. Mama akaaga kwa heshima na kuondoka, akishikilia mtoto kwa nyuma kwa mkono mmoja.

Hakuna aliyejaza tena kikombe. Mimi nilifumba macho nikajaribu kukiona chumba changu. Nikaona kitanda, kabati, redio, viatu vya watoto mlangoni. Vidonge vya presha vya mke wangu, anavyovimeza kila siku nikiwa nimeketi pale pale, sikuviona.