Mlango Nilioupiga Randa

Sikilizeni, wanangu, na wewe mkubwa zima hiyo simu, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia maneno.

Nyumba hii ni ya mama yenu maisha yake yote, asije mtu kumpimia vyumba naye yu hai. Karakana na vifaa vyote ni vya mdogo wenu, kwa sababu ndiye aliyevumilia vumbi langu na mdomo wangu miaka kumi na minne. Wewe mkubwa nilikusomesha, fungu lako ulishalila, usininunie. Hayo ni mepesi. Zito ni la dada yenu, niliyemwita mwenyewe leo, na bado amesimama pale mlangoni kama mgeni.

Nilipotoka kupasuliwa moyo, kifua kimefungwa kwa waya, ni yeye aliyekwenda kwa mtaalamu wa mazoezi wa hospitali akajifunza yale mazoezi ya Kichina ya polepole, akawa ananijia kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha. Magoti yalegee kidogo, pumzi ishuke tumboni, mikono isukume mbele taratibu, na isisukume kitu. Nilimcheka, nikamwambia seremala hasukumi hewa. Lakini wiki ya tatu nilipanda ngazi za nje bila kusimama, nikaketi juu nikalia kwa furaha.

Kilichofuata niliwaficha. Mwendo ule wa mikono ulinikumbusha randa. Siku moja mmetoka wote, nikaingia karakana, nikakuta mlango wa mteja umelazwa mezani, ubavu wake haujanyooshwa, mikono ikaniwasha. Nikajidanganya kwamba mwendo ni ule ule, kilichoongezeka ni mbao tu. Nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa, nikapiga randa, na mti wenyewe mgumu. Mara ya nne nikasikia kitu kimeachia ndani ya kifua. Nikafagia maranda msije mkajua, nikarudi kitandani.

Kidonda kilipoanza kutoa usaha na daktari akasema mfupa wa kifua umeachana, wewe mkubwa ulimgeukia dada yako, ukamwambia amemuua baba kwa michezo yake ya Kichina, ukamkataza kukanyaga hapa. Nilikuwa nimelala hapa hapa, nasikia kila neno, nikageukia ukutani. Niliona aibu, mzee mzima niliyekatazwa hata kubeba ndoo. Wiki tano mwanangu ameniletea supu, akaiacha getini akaondoka, nami nikainywa na kunyamaza.

Nisamehe, mama. Mazoezi yako yalikuwa yananiponya. Aliyejiharibu ni mimi.

Nipeni maji... basi, yanatosha. Siku ya kunizika, dada yenu akae mbele na mama yenu, asisukumwe nyuma na majirani. Mdogo, jeneza lichonge mwenyewe, usiharakishe. Ule mlango ulioniumiza... usiumalize, mrudishie mteja mbao zake, umchongee mwingine kwa mbao zetu.

Mungu awashike wote watatu, awape watoto watakaowaambia ukweli, na nyinyi muwaambie wao mapema kuliko nilivyofanya mimi. Sasa, mkubwa, mwombe dada yako radhi nikiwa nasikia. Ndiyo, sasa hivi. Mshike mkono.

Sema kwa sauti, baba. Midomo naiona inacheza... sauti haifiki. Sema tena.