Theluji ya Siku ya Kumi na Tisa

KATRIENA: Haloo? Nani mwenzangu? Paza sauti, huku mlimani upepo unapiga!

ASHWIN: Ni mimi dada, Ashwin. Shikamoo.

KATRIENA: Marahaba, mdogo wangu. Cape Town hamjambo?

ASHWIN: Hatujambo. Nimetoka nje ya ofisi na kompyuta, napiga kwa simu yangu. Dada, rekodi yako ya jua... siku thelathini, macheo hadi machweo, safi! Ila siku ya kumi na tisa kuna—

KATRIENA: Tundu.

ASHWIN: La saa mbili nzima!

KATRIENA: Theluji iliziba paa la darubini. Nilipanda ngazi na ufagio mpaka vidole vikafa ganzi.

ASHWIN: Wakubwa walisema pengo hata moja, kituo kinafungwa. Na kazi yako basi.

KATRIENA: Nilisikia.

ASHWIN: Sasa ziba! Chukua saa mbili za siku ya kumi na nane, bandika. Jua si lilelile?

KATRIENA: Hebu rudia.

ASHWIN: Dada—

KATRIENA: Jua linatetemeka, kila dakika tano linavimba na kunywea, na kwa mtetemo huo tunajua kilichomo tumboni mwake. Mtetemo wa jana haushikani na wa leo. Ukibandika, mtu atasikia mlio ambao jua halikutoa. Atasema mle ndani kuna kitu, kumbe hakuna! Nani alinifundisha haya? Si wewe, daktari mzima wa fizikia?

ASHWIN: Wakati ule sikuwa na bosi.

KATRIENA: Ahaa.

ASHWIN: Hakuna atakayejua, dada.

KATRIENA: Wenzetu wanaopima jua huko Chile wanajua. Nimewatumia asubuhi: "Hakuna kitu. Theluji. Katriena Jantjies."

ASHWIN: Mungu wangu! Umejichimbia kaburi!

KATRIENA: Langu hilo, usililie wewe. Waje na kufuli lao, watanikuta na paa wazi. Mimi siwapikii uongo!

ASHWIN: [mkwaruzo] ...ripoti inaondoka saa nane.

KATRIENA: Umeandika nini humo?

ASHWIN: Nilishabandika.

KATRIENA: Bandua.

ASHWIN: Bosi amesha—

KATRIENA: Bandua, Ashwin!

ASHWIN: [vitufe vya kompyuta vinabofywa] ...Theluji ilianza saa tatu?

KATRIENA: Saa tatu na dakika nne. Andika sawasawa.

ASHWIN: Na nne... Jina?

KATRIENA: Langu. Usilimung'unye.

ASHWIN: Naweka na langu. Dada, salio linakwi—

KATRIENA: Acha liishe, wewe andika! Kuna wingu linapanda huko kusini, ngoja nikachukue ufagi—

[Simu imekatika.]