Spring za Kiti cha Kavutha

Kijiwe kimoja cha mtaa wa Umoja kiko kando ya kibanda cha Ndung'u, fundi wa sofa, na benchi lenyewe ni kochi ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Hapo hunywewa kahawa anayouza Batulo, na husemwa mengi na watu wasiojua lolote. Jumamosi moja Mwanzia alileta kiti cha mkewe kilichobonyea katikati. Kavutha alikuwa anarudi Ijumaa, baada ya miaka sita ya kazi za nyumba huko Saudia, na Mwanzia alitaka akikute kizima. Tangu asikie tarehe, alikuwa amefagia nyumba mara nne.

— Mama ana kilo ngapi? Ndung'u akauliza. Nijue spring ya kuweka.

— Aliondoka na sabini na mbili.

— Hizo haziui spring hivi, mzee.

— Hakuwa anakaa. Alikuwa anajitupa. Mlango, viatu, kisha puu! Ploti nzima inajua amefika.

Ndung'u akasimamisha spring chini, akaiwekea kipande cha chuma taratibu. Ikashuka vidole viwili. Akakiinua chuma mpaka usawa wa goti, akakiachilia. Spring ikajikunja yote, kisha ikakirusha.

— Mmeona? Chuma ni kile kile. Kimeanguka kutoka juu, na ule mwanguko wote umeingia kwa spring. Halafu spring ikaurudisha.

— Mbona hakikurudi mpaka kwa goti? akauliza Batulo.

— Nguvu nyingine imeishia kwa kelele na joto. Haijapotea, imehama.

Hapo akadakia Nzivo, anayeitwa Injinia kwa kuwa aliwahi kufungua redio. Hajaifunga mpaka leo.

— Basi tunateseka bure! Weka spring kwa ngazi za gorofa za mtaa wa Kware. Wapangaji wakishuka asubuhi, unapika githeri kwa nguvu ya miguu yao.

— Na wakipanda jioni? Batulo akauliza.

— Inawarusha mpaka gorofa ya saba!

— Injinia, kunywa kahawa, Batulo akamwambia.

— Sijamaliza! Nguvu ikikunjwa inakaa humo hata miaka sita. Pasua hicho kiti uone, mama atatoka na kishindo chake!

Wakacheka. Mwanzia alikuwa ameweka kiganja kwenye lile shimo.

— Humo hamna kitu, mzee, Ndung'u akamwambia kwa upole. Hizi zimelegea. Zilishatoa nguvu zote.

Mirriam, mgeni aliyekuja kuulizia bei ya mito, alikuwa amesimama akisikiliza.

— Samahani, baba. Huyo mama bado anajitupa? Ama siku hizi ataketi polepole, kama mgeni?

Mwanzia alizipitia moyoni simu zote za ile miaka sita. Kavutha aliulizia mvua, akaulizia kanisa, akaulizia magoti ya mumewe. Kuketi kwake hakukusikika kamwe.

Ndung'u akainua spring mbili, nyembamba na nene.

— Nene, akasema Mwanzia. Akijitupa, zimshike.

— Na asipojitupa? Zitakuwa ngumu.

— Weka nene.