Majina Yasomwe Yote: Maisha ya Josphat Muturi Githongo, 1968–2025

Josphat Muturi Githongo, ambaye leo tunamkabidhi kwa udongo alioulima, alizaliwa tarehe 3 Juni 1968 hapa Entarara, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Githongo na marehemu Mama Wacuka.

Alisoma shule ya msingi papa hapa, akamaliza mwaka 1982. Karo ya sekondari haikupatikana, kwa hivyo alienda Kitengela kufanya kazi ya ujenzi. Nyumba alizojenga huko bado zimesimama bila ufa. Mwaka 1993 alirudi kwa shamba la babake, akalima mahindi, vitunguu na nyanya mpaka nguvu zilipomwishia.

Mwaka 1995 alifika Oltepesi kumposa Naisula, binti ya Mzee Saning'o. Hakuwa na mifugo wakati huo, basi alitanguliza kreti za nyanya. Mzee alizizunguka, akauliza, "Kijana, hizi ng'ombe zako mbona hazina miguu?"

"Baba, ndiyo maana hazitapotea," Muturi akajibu.

Mzee alicheka mpaka akakubali. Ng'ombe wenye miguu walifuata baadaye, mmoja mmoja. Walifunga ndoa kanisani Kitengela tarehe 9 Desemba 1995, wakajaliwa Wacuka, Githongo na Soipan.

Lililompata mwaka huu kila mtu hapa analijua, lakini wengi wanalijua nusu. Misimu miwili Muturi alikuwa ameambiwa mbolea ya ruzuku imekwisha. Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, alisimama kwenye baraza la kijiji. "Kanisani nikitoa kuku, jina langu linasomwa kwa kipaza sauti. Mbolea ya serikali watu wakipokea, mbona majina yanafichwa?"

Watu walipiga makofi. Karani wa ugavi wa mbolea alikasirika, akatoa karatasi, akaanza kusoma. Jina la nne lilikuwa Josphat Muturi Githongo, mifuko kumi, amepokea.

Baraza lililipuka kwa kicheko. "Kumbe anayepiga nduru ndiye ameshiba!" alisema jirani mmoja, ambaye amekula kwa Muturi mara nyingi na leo yuko nasi. Naisula alimvuta mumewe koti aketi. Hakuketi.

"Soma," alimwambia karani. "Soma yote. Usiruke."

Jina lililofuata lilikuwa la Mzee Githongo. Naye amepokea.

"Baba nilimzika mwenyewe mwaka 2009," Muturi akasema. "Kama bado anapanda, mtuonyeshe shamba lake."

Hapo hakuna aliyecheka. Karani alikunja karatasi, akasema mvua inakuja. Mbingu ilikuwa kavu kama ngozi ya ng'ombe.

Tangu siku hiyo Naisula akienda kusaga mahindi huitwa "mke wa mifuko kumi". Amesikia, na anawajua wanaomwita hivyo. Muturi alirudi ofisini kwa karani mara nyingi kuomba usomaji umalizwe. Kila mara aliambiwa mwenye karatasi ametoka.

Mwezi wa Julai miguu yake ilianza kuvimba. Ilikuwa figo. Alihamia kwa Wacuka huko Kitengela ili awe karibu na hospitali ya kusafishwa damu, na familia inawashukuru wauguzi waliomtunza kama baba yao. Mgeni yeyote aliyetoka Entarara, kabla hajaulizwa habari ya mvua, aliulizwa, "Wamesoma?" Muturi alifariki Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Naisula.

Amewaacha mkewe Naisula, watoto wao Wacuka, Githongo na Soipan, mjukuu mmoja, Leshan, na dada yake Waruguru.

Baraza lingine ni Jumanne ijayo. Naisula ataketi mbele. Hakwenda shule, hawezi kusoma karatasi ya mtu, kwa hivyo atasimama atake asomewe, kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho, na hataketi hata mvua ikisingiziwa. Waliocheka mwezi wa Machi wanakaribishwa.

Baba Wacuka, Muturi wetu, apumzike kwa amani. Na jina lake lipumzike naye. Msimu ujao lisiamshwe kwenda kuchukua mbolea.