Nyama Iliyotobolewa kwa Uma

Ndani ya basi, kwanza niliona taulo lililofunika trei mapajani mwa mpishi. Lilikuwa limelowa mafuta ya manjano.

"Wifi," mpishi alimwambia mwanamke aliyeketi kando yake, "nyama nimeikanda viungo, nimeijaza jibini, nimeioka kwa moto mdogo tangu alfajiri. Nani alikutuma uitoboe kwa uma?"

"Nilitazama kama imeiva."

"Ya jibini haitobolewi. Jibini yote imemwagika. Mkubwa wa jiko la hoteli akikata ataona shimo tupu, na kazi nimeikosa."

"Usinipandishie sauti mbele za watu. Wewe umeipa nyama mimba, halafu mimi ndiye wa kulaumiwa ikizaa njiani?"

Abiria wa nyuma walicheka. Mimi niliinama, maana hata nauli huwa naitoa kwa aibu.

"Kaka yako nitamwambia," mpishi alisema, machozi yakimlenga.

"Mwambie. Nilikosea tu."

Wifi yake akageukia dirishani. Kutoka ng'ambo ya njia nilimwona kwenye kioo akitabasamu. Basi likasimama mbele ya hoteli, mpishi akashuka na trei yake bila kuaga.

Dada mpishi, siku ile nilinyamaza. Wifi yako hakukosea.