Kutu Chini ya Rangi Mpya

Mgeni rasmi, meneja wetu, wauguzi na madereva mliofika: karibuni karakanani. Mtuwie radhi kwa harufu ya rangi. Bado ni mbichi, na sababu yake tutaieleza.

Sisi mafundi bodi tuko tisa. Kazi yetu ni magari ya wagonjwa.

TULIKOTOKA

Aliyetufundisha wengi wetu ni fundi tuliyemwita Taratibu, kwa kuwa hakukubali kuharakishwa. Kwake yeye kutu haikufunikwa. Aliikata mpaka afikie bati zima, akachomelea kipande kipya, akaziba maungio, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Kisha alimimina mafuta ndani ya mikunjo ya bodi na kuzibua matundu ya chini, ili maji ya mvua na ya kuoshea damu yasituame. Magari kumi na moja aliyoyatengeneza hivyo yangali barabarani. Hayo ndiyo mafanikio yetu; mengine hatuna.

YALIYOTUPATA

Mwaka jana lililetwa gari ambalo sakafu yake ya nyuma ilikuwa imeliwa. Taratibu aliigusa kwa bisbisi, ikazama mpaka kwenye mpini.

"Wiki mbili," alimwambia meneja.

"Linatakiwa kesho. Weka puti, paka rangi."

"Bosi, hapo tutakuwa tumeficha tu, hatujatengeneza."

"Mzee wangu, kama umechoka, sema."

Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Akajaza mashimo kwa puti, akapaka rangi juu. Sisi tulimshikia taa.

Miezi mitatu baadaye sakafu ile ilikatika gari likiwa kwenye mwendo. Muuguzi aliyesimama kando ya mgonjwa, mguu wake ulipita ukagusa lami. Haukuokolewa.

Taratibu alikwenda wodini peke yake. Alitusimulia mwenyewe.

"Dada, mimi ndiye niliyeipaka rangi ile sakafu."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Dada yule akageuzia uso ukutani. Taratibu alisimama pale mpaka muda wa kuwaona wagonjwa ukaisha. Kesho yake alikabidhi nyundo zake, hajarudi tena. Tukienda kumjulia hali, mkewe hutuambia mlangoni kwamba amelala, hata saa nne asubuhi.

Ripoti iliandikwa kwamba gari liligonga jiwe. Tuliisaini sote tisa. Kwa jiwe hilo la kwenye karatasi, muuguzi yule mpaka leo hajapata haki yake.

TUNACHOOMBA

Risala tuliyopewa tuisome ilikuwa na maombi ya buti na glavu. Tumeiacha ofisini.

Mgeni rasmi, kati ya magari mawili unayotaka kuyazindua, la kushoto tulilipaka juzi, kwa amri ileile. Chini ya mlango wake wa nyuma hakuna bati, ni puti. Tunakuomba usilizindue. Tupewe bati na wiki mbili, tukate kilichooza chote.

Tunaomba pia ripoti ile ifunguliwe upya, na sisi tuliosaini tuitwe tuhojiwe. Tunajua huenda Jumatatu baadhi yetu tusifunguliwe geti. Tumekubaliana hivyo hivyo.

Mungu akufikishe nyumbani salama, na awafikishe salama wote watakaobebwa na magari haya, ambao hawatajua ni nani aliyeyatengeneza.

Ni sisi,
Mafundi Bodi, Karakana ya Magari ya Wagonjwa